Bastola Fupi, Kuta Fupi

Asalaam aleikum. Habari za asubuhi akina baba, akina mama. Naona ukumbi umejaa, na najua wengine mmevutwa na kitu kilicho mezani kuliko na mimi. Hakuna neno. Lakini kabla ya bastola, tazameni mikono yangu.

Nachomoa magazini, kile kisanduku cha risasi. Haina risasi, naiweka kando. Navuta slaidi, kipande cha juu kinachoteleza, nyuma, naikamatisha huko huko. Naangalia chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa jicho, kisha naingiza kidole kidogo, maana jicho la mtu wa miaka 63 huona kile linachotaka kuona. Tupu. Mzee hapa mstari wa mbele naye aangalie. Silaha hii ni yake, leseni anayo mfukoni, na mimi naishika mbele ya macho yake tu. Umeridhika? Haya, ameridhika.

Mimi nilikuwa fundi wa silaha ghalani miaka 27. Tangu nistaafu, pale barazani Ngamiani, hapa Tanga, swali ni lile lile: "Fundi, hii nzuri?" Mtu kaandika jina la bastola kwenye kikaratasi, au ananionyesha picha kwenye simu. Nami humuuliza: nyumba yako ina silingibodi? Kuta za vyumba zinafika juu, au zimeishia njiani? Wengine huondoka wakidhani uzee umeniingia. Leo nitasema kwa nini nauliza hivyo. Ila tuanze na chuma.

Hii ni Glock 19, bastola ya milimita 9 kutoka Austria. Kaka yake, Glock 17, alitoka mwaka 1982, huyu akafuata 1988. Mtutu wa kaka ni milimita 114, wa huyu 102. Kaka anabeba risasi 17 kwenye magazini, huyu 15. Yuko na mdogo wao, Glock 26, mtutu milimita 87, risasi 10, aliyetengenezwa kwa watu wa kuficha silaha mwilini. Wewe wa nyumbani huna cha kuficha. Kitako chake ni kifupi, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani, na ukipiga inaruka mkononi kama kuku aliyeshikwa bawa moja. Kwa nyumba na kwa uwanja wa shabaha, mimi nasimama na ukubwa huu wa kati. Wako wengine wa kimo hiki, kama CZ P-07 ya Czech, nayo ni kazi nzuri. Sijaja kuuza jina.

Sasa neno "imeungwa kiwandani", yaani vipande vyake vimeunganishwa na kiwanda chenyewe, si na fundi wa uani. Watu hulipita haraka, na mimi ndilo ninaloanza nalo. Nchi kama Austria, Czech, Ujerumani na Italia zimo katika umoja uitwao C.I.P., na huko bastola haitoki kuuzwa mpaka ipigwe risasi ya majaribio. Risasi ya milimita 9 ya kawaida, kikomo cha msukumo wa gesi yake ni bar 2,350, bar ni kipimo cha msukumo. Ile ya majaribio inapandishwa hadi bar 3,055. Mtutu ukistahimili, unagongwa muhuri. Kwa hiyo ukishika bastola ya namna hiyo, tafuta muhuri. Kisha soma namba: kwenye Glock hii iko kwenye fremu, sehemu ya chini yenye kitako, hapa, iko kwenye slaidi, iko kwenye mtutu. Zote tatu zisome sawasawa, na zisome sawa na leseni.

Niliwahi kuletewa bastola iliyong'aa kama sahani ya harusi. Fremu namba moja, mtutu namba nyingine. Mwenyewe anasema aliyemuuzia alimwambia "mtutu ni mpya, umebadilishwa, bora zaidi." Tulipoijaribu, kila baada ya risasi tatu nne slaidi ilikuwa haifungi mpaka mwisho, imebaki nyuma kama unene wa shilingi. Ukiisukuma kwa kiganja inafunga. Usiku wa manane, nani ana kiganja cha tatu? Na hapo sijagusa kesi ya namba. Marekani walikuwa na vurugu la seti za vipande ambazo mtu anajiungia nyumbani, hazina namba, mpaka Mahakama yao ya Juu, Machi 2025, ikakubali serikali izihesabu baadhi ya seti hizo kuwa ni silaha kamili. Huko ni kwao. Hapa kwetu, chini ya sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015, kitu cha kuungaunga uani usikiguse hata kwa mzaha.

Jambo dogo, nalipita: milimita 9 si zote ndugu. Iko ya Makarov, ganda lake lina urefu wa milimita 18, na iko hii yetu, ganda urefu milimita 19. Risasi ya Makarov ni nene kidogo, haitaki mtutu huu. Soma boksi.

Uwanjani. Bastola mpya siiamini mpaka imekula risasi 200 bila kukwama. Najua bei ya risasi, nimesikia miguno. Basi zigawe kwa miezi, hamsini hamsini, lakini uandike. Mimi nina daftari la shule, la kurasa 48. Naandika tarehe, aina ya risasi, magazini namba ngapi, imekwama wapi. Magazini zenyewe nazipiga namba chini kwa rangi ya kucha. Mke wangu alishachoka kuuliza chupa yake imekwenda wapi. Siri ni kwamba bastola ikikwama watu hulaumu bastola, kumbe mara nyingi ni magazini. Midomo yake imepinda kidogo, au springi imechoka. Usipozitia namba, utakuwa unamtafuta mwizi katika pacha wawili.

Mkosaji mwingine ni mkono. Fremu hii ni ya plastiki, bastola nyepesi, bila magazini haifiki hata kilo moja, iko kwenye gramu 600 hivi. Slaidi inaporudi nyuma inategemea mkono wako uwe ukuta. Mkono ukilegea, slaidi hairudi yote, ganda halijatoka sawasawa linabanwa pale tundu la kutokea, limesimama wima kama msumari. Nimewaona vijana wenye misuli wakikwamisha bastola namna hii, na mama mmoja mwembamba, mkulima wa machungwa kutoka Muheza, akapiga 50 bila tatizo. Alikuwa ameibana kama anavyobana mpini wa jembe. Kwa hiyo kama nyumbani mko wawili wenye leseni, wote wawili wapige kabla hamjaipa alama.

Na msipige mita 25 mkidhani ndiyo sifa. Pigeni mita 5, mita 7, polepole, mpaka matundu yote yafunikwe na kisahani cha kikombe cha kahawa. Kwa nini mita 7? Subirini, ndiyo nakuja.

Kutu. Tuko Tanga, hewa yetu ina chumvi. Mtu wa Raskazone, kule pwani, anajua geti linavyoliwa. Kosa hili ni langu mwenyewe: bastola yangu ya kwanza niliiweka ndani ya ala ya ngozi, ndani ya droo, nikasema iko salama. Masika ikapita. Nilipoifungua, ubavu wa slaidi ulikuwa na madoadoa ya kahawia, na pale ngozi ilipobana sana chuma kilikuwa kimechimbika, ukipitisha ukucha unakwama. Ngozi hunywa unyevu na kuukalisha juu ya chuma. Toka siku ile: ala ni ya kutembea, si ya kulalia. Ndani ya sefu nimetupia vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, navibadilisha, na kila Ijumaa baada ya swala natoa bastola, napangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya bunduki, mtutu ndani na nje. Mafuta ya kupikia hapana, jamani! Yanaganda. Mnacheka, nimeletewa bastola inayonuka vitumbua.

Na vitumbua ndivyo vinavyonifikisha kwenye nyumba.

Nyumba zetu za Ngamiani mnazijua. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Kuta za vyumba katika nyumba nyingi zinaishia usawa wa kichwa na kidogo juu yake, halafu ni uwazi mpaka kwenye bati. Mtoto akikohoa chumba cha tatu, chumba cha kwanza wanasema "pole". Sasa chukua risasi ya milimita 9, gramu 7 na nusu, inakwenda zaidi ya mita 300 kwa sekunde. Mlango wa mbao haumsimamishi huyu. Silingibodi wala bati havimsimamishi. Dirishani anapita bila hodi.

Mimi nilichukua kamba ya katani, si tuko Tanga? Nikafunga ncha moja kwenye kitasa cha chumba changu cha kulala, kwenye kimo cha kifua changu, nikaivuta mpaka mlango wa mbele, mahali ambapo mwizi angesimama. Nikapima: mita 6 na nusu. Ndiyo ile mita 7 yangu. Kisha nikafungua mlango, nikaendelea kuivuta ile kamba vile vile ilivyonyooka, nje ya baraza, ng'ambo ya barabara. Iliishia kwenye jiko la mama wa vitumbua. Huwasha moto saa kumi alfajiri. Na wezi wa mtaani kwetu, saa zao ni hizo hizo.

Nilisimama pale na kamba mkononi. Mama ananiuliza, "Mzee, unapima kiwanja?" Nikamwambia napima baraza.

Nikarudi ndani nikajaribu kila upande. Upande wa kushoto, ukuta mfupi, nyuma yake wanalala wajukuu. Nyuma, mlango wa uani, na uani kuna choo na jikoni kwa mpangaji. Upande mmoja tu, ule wa kulia unapotoka chumbani, una ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe, mnene, nyuma yake kifusi na mchongoma. Mmoja. Kwa hiyo bastola yangu, yenye muhuri, iliyokula risasi zaidi ya 200, nyumbani kwangu ina uelekeo mmoja wa kupigia. Nikauza mbuzi wawili nikaweka nondo kwenye mlango wa mbele na taa ya betri barazani. Mwizi ashindwe hapo, nisiwe na haja ya kuchagua upande.

Na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujilinda kwa nguvu ya kadiri tu, inayolazimu. Mtu anayekimbia na redio yako amekupa mgongo. Hakimu atauliza risasi imeingilia wapi.

Mzee pale anauliza kuhusu usalama wa triga, kile kifyatulio. Njoo karibu. Unaona kilimi hiki katikati ya triga? Kinazuia bastola isifyatuke ikianguka au ikikwaruzwa pembeni. Kidole kikiingia katikati, kinalegea. Cha mtu mzima, cha mtoto wa miaka sita, hakibagui. Glock hii haina kitufe kingine cha nje cha kuifunga. Wenye watoto wengine huona afadhali bastola yenye nyundo na kitufe cha mkono. Ni sawa, lakini mimi namtegemea sefu aliyefungwa kwa bolti kwenye sakafu. Ufunguo unalala na mimi, si chini ya mto.

Mama mwenye mtandio wa kijani? Anauliza, mume akisafiri, yeye aichukue? Hapana, mama yangu. Leseni ni ya mtu, si ya nyumba. Kama unataka, omba yako, anzia serikali ya mtaa kama alivyoanza yeye, kisha ujifunze. Akisafiri, sefu lifungwe na ufunguo aondoke nao. Anacheka, anasema kumbe ndiyo maana wanaume hutembea na funguo nyingi. Hilo mwulize mwenyewe nyumbani.

Na ya mwisho, nimeulizwa huku kwa kikaratasi: ukipiga ndani, masikio? Mlio ni kama desibeli 160, ndani ya chumba chenye bati. Masikio yatakuvuma siku kadhaa, na pengine usikivu hautarudi wote. Uwanjani vaa vifuniko kila mara, hata kwa risasi moja.

Haya, kahawa ipo uani, na kashata. Mzee, njoo uchukue chako. Chemba tupu, umeona tena? Magazini tulikuja nazo ngapi? Mbili. Hapa naona moja. Naomba mtu yeyote asitoke kwanza. Aa, hii hapa, imeingia chini ya daftari. Mbili. Asanteni.