Seli ya insulini ikikosa hewa

Mbukwenyi jamani, karibuni, mliosimama kule mlangoni sogeeni mbele viti vipo.

Hii chupa mezani ni maji ya zabibu, zabibu za hapa hapa Hombolo, nimezikamua juzi nikatia hamira kijiko kimoja alafu nikavisha puto mdomoni. Jana asubuhi puto lilikuwa limelala, sasa hivi limesimama, na ukisogeza sikio unasikia povu linachemka. Humo ndani oksijeni imeisha siku nyingi. Hamira haijafa, inaendelea kula sukari, tena inakula kwa kasi kuliko ingekuwa na hewa, jambo ambalo mwanasayansi Louis Pasteur aliliona kule Ufaransa tangu miaka ya 1860. Sababu ni kwamba inakula sana inapata kidogo: molekuli moja ya glukosi bila oksijeni inaipa ATP 2 tu, na ATP ndio nishati ambayo seli inaitumia, wakati oksijeni ikiwepo zinapatikana kama 30. Naomba hii chupa muiweke kichwani maana tutairudia.

Kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula. Ndani yake kuna vikundi vidogo vya seli vinaitwa visiwa vya Langerhans, kwa jina la Mjerumani aliyeviandika mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi, mtu mzima anavyo kama milioni 1 hivi. Humo ndimo zilimo seli beta zinazotoa insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu. Visiwa vyote ukivikusanya ni asilimia 1 au 2 tu ya kongosho, ila damu inayoingia kwenye kongosho zaidi ya asilimia 10 wanapewa wao. Mi hili lilinisumbua sana nikiwa nasoma, kitu kidogo vile kinataka damu yote hiyo ya nini?

Jibu ni kwamba seli beta inaijua sukari kwa kuichoma. Glukosi ikiongezeka kwenye damu inaingia kwenye seli, inakatwakatwa mpaka inakuwa piruveti, piruveti inaingia kwenye mitokondria, yaani majiko ya nishati ndani ya seli, inachomwa kwa oksijeni, ATP zinapanda, zikipanda milango ya potasiamu kwenye ukuta wa seli inafungwa, umeme wa seli unabadilika, kalsiamu inaingia, na vifuko vya insulini vinamwagwa kwenye damu. Hayo yote ni dakika chache tu baada ya sukari kupanda. Kwaiyo ule moto wenyewe ndio kipimo. Na seli beta haina njia ya pembeni: msuli wako ukipanda kilima cha Mlimwa mbio, hewa ikipungua unageuza piruveti kuwa lakteti na safari inaendelea, lakini seli beta kimeng'enya cha kazi hiyo, yaani protini inayoiendesha, imekizima karibu chote, ili kila sukari inayoingia ihesabiwe kwenye mitokondria.

Sasa punguza oksijeni. Kuna protini inaitwa HIF, seli inaitengeneza kila wakati na kuivunja kila wakati, na ili ivunjwe lazima oksijeni iitie alama kwanza. Wanasayansi Kaelin, Ratcliffe na Semenza walipewa tuzo ya Nobeli 2019 kwa kufumbua jinsi seli zinavyoihisi oksijeni namna hii. Hewa ikipungua HIF haivunjwi, inaingia kwenye kiini cha seli inawasha jeni: milango ya kuingiza sukari inaongezeka, vimeng'enya vya kuikata vinaongezeka, kile cha lakteti kilichokuwa kimezimwa kinawashwa, na piruveti inafungiwa mlango wa mitokondria. Seli inakuwa kama hamira kwenye chupa hii. Inakula sukari nyingi zaidi huku insulini inapungua. Panya waliozuiwa kuivunja HIF kwenye seli beta zao, hewa ilikuwepo ya kutosha na bado sukari iliwashinda.

Hapa ndipo ninapotaka mnielewe jamani, hiyo seli bado hai, ila imeacha kuisikia sukari. Na kinachoniuma mimi ni mzunguko wake, maana sukari ikikaa juu muda mrefu inailazimisha seli kufanya kazi mfululizo, kazi inamaliza oksijeni, oksijeni ikipungua insulini inapungua na sukari inazidi kupanda, na kwenye visiwa vya panya wenye kisukari upungufu huo wa oksijeni umeonekana kabisa.

Mwaka 2000 kule Edmonton, Kanada, wagonjwa 7 wa kisukari aina ya kwanza walipandikizwa visiwa hivi kwenye ini na wote wakaacha sindano za insulini. Ila kisiwa kikitolewa kwenye kongosho mishipa yake inakatwa, mipya inachukua kama wiki mbili kuota, na siku hizo kinaishi kwa oksijeni inayopenya kutoka nje, seli za katikati zinakosa kabisa, ndio maana vingi vinakufa mapema.

Ndio mzee wangu, nimekusikia, unauliza ukivuta pumzi nyingi sukari itashuka? Hapana mzee. Kama mapafu yako ni mazima damu yako tayari imebeba zaidi ya asilimia 95 ya oksijeni inayoweza kuibeba, ukivuta zaidi huiongezei kitu cha maana, na dawa zako endelea nazo. Ila nikuulize na mimi, nyumbani wanasema unakoroma alafu pumzi inakatika kidogo inarudi? Basi hilo kamwambie daktari kliniki, maana watu wa namna hiyo oksijeni yao inashuka na kupanda usiku kucha, na kisukari aina ya pili kinaonekana zaidi kwao.