Nusu ya mbegu maabara, nusu kwenye udongo: stori ya mafuta ya kanola

Haya jamani sogeeni mbele, hii spika inakoroma kidogo. Nimepangiwa niongelee jeni zinavyoamua aina ya mafuta kwenye mbegu, ila nikianza na michoro ya kemia nusu yenu mtakuwa mnachati, kwa hiyo nawapa stori moja tu ya Kanada, kemia itajipenyeza humo humo.

Kuna mmea unaitwa repsidi, ndio uliokuja kuzaa kanola. Ukitaka kujua ukoo wake, chukua sukuma wiki na chainizi, hao ndio koo mbili zilizokutana zikamzaa. Kumbukeni hilo la wazazi wawili, tutalirudia. Wakati wa vita kuu ya pili Kanada ilianza kuulima kwa bidii, na sio kwa ajili ya chapati, ilikuwa grisi ya injini za meli za mvuke, maana mafuta yake yanang'ang'ania chuma hata chuma kikiwa kimelowa. Vita imeisha, meli zinahamia dizeli, mkulima kabaki na mashamba. Wakasema basi mafuta hayo tuyale.

Sasa shida. Mafuta yale karibu nusu yake yalikuwa asidi ya erusiki, moja ya asidi zinazojenga mafuta. Ile asidi ya oleiki mnayosikia ikisifiwa ina kaboni 18, erusiki ina 22, ni oleiki hiyo hiyo imerefushwa mkia mara mbili, kaboni mbili mbili, na anayerefusha ni kimeng'enya kinachotengenezwa na jeni iitwayo FAE1. Panya wa maabara waliolishwa mafuta hayo kwa wingi wakawa wanarundika mafuta kwenye misuli ya moyo, basi watu wakaingiwa na wasiwasi.

Kwa hiyo unatafuta mmea ambao jeni hiyo imeharibika. Watafiti wa mbegu Baldur Stefansson kule Manitoba na Keith Downey kule Saskatoon wakaanza kuchambua, na mmea wenye erusiki kidogo ulipatikana kwenye aina moja ya malisho ya mifugo kutoka Ujerumani, Liho. Lakini hebu fikirieni kazi yenyewe: mbegu ina upana wa kama milimita 2, ukiisaga upime mafuta umeshaiua, na ukipima mchanganyiko wa mbegu nyingi unapata wastani tu, ile moja nzuri imejificha humo humo.

Hapa ndio napenda. Mafuta ya repsidi yamo ndani ya kiinitete chenyewe, yaani kile kimmea kichanga ndani ya mbegu, na yanaamuliwa na jeni za kiinitete, sio za mama yake. Yaani ganda moja, mama mmoja, mbegu mbili zimelala ubavu kwa ubavu na mafuta tofauti kabisa, kama watoto wa tumbo moja mmoja mrefu mmoja mfupi. Basi 1963 Downey na mwenzake Harvey wakaja na ujanja: loweka mbegu kidogo, imefunguka vipande viwili kama harage, banua kile cha nje peleka kwenye kromatografia ya gesi, mashine ya kutenganisha na kupima aina za mafuta, enzi hizo mpya mpya, na kile cha ndani chenye mzizi panda. Majibu yakija mazuri mmea wako upo hai kwenye kopo unakusubiri. Mimi nikiulizwa kitu gani kilileta kanola nasema wembe na karatasi yenye maji, najua wenzangu wa molekuli watanuna.

Turudi kwa wazazi wawili. Kwa sababu repsidi imerithi kutoka koo mbili, ina FAE1 mbili, na kila moja inakuja kwa kopi mbili, jumla nne. Hakuna bosi hapo, zinajumlishana, kila kopi nzima inaongeza kama asilimia 10 ya erusiki, kwa hiyo ili ufike sifuri lazima zote nne ziwe zimekufa. Baadaye wakasoma jeni zenyewe wakakuta upande wa chainizi herufi moja tu ya DNA imebadilika, upande wa sukuma wiki herufi mbili zimedondoka. Basi! Oleiki haina wa kuirefusha, inabaki pale pale, ndio maana kanola ina oleiki kama asilimia 60.

Aina ya kwanza yenye erusiki kidogo, Oro, ilitoka 1968, Tower ikafuata 1974 ambayo ilipunguza pia ukali ulio kwenye mashudu, yale makapi yanayobaki ukishakamua mafuta, na jina kanola likaja 1978.

Swali pale? ... Ee, swali zuri, anauliza ile ya zamani imekufa? Hapana, bado inalimwa, kuna kitu kinatengenezwa kutoka kwenye erusiki kinawekwa kwenye plastiki ili mifuko isigandane. Ila inalimwa mbali na kanola, kwa sababu ile ile niliyosema: chavua ya jirani ikiruka ikatua kwenye ua lako, kiinitete ni cha baba pia, mafuta ya mbegu yanabadilika msimu huo huo, huhitaji kusubiri mpaka uipande tena.