Tuzungumze Kuhusu Huo Mfuko

Mhadhara wa muuguzi wa wodi ya upasuaji kwa wakazi wa Manyatta, Kisumu

Wazee wangu, akina mama, vijana, hamjambo? Mwenyekiti amenipa dakika 20 nieleze matibabu yote ya saratani ya utumbo mpana. Mnanijua: naanza na mfuko, na huenda nisitoke hapo.

Kuna kijana wa bodaboda alilazwa kwetu na uvimbe chini kabisa, karibu na njia ya haja kubwa. Ulikuwa haujasambaa. Daktari akamweleza: tutaukata, tuunganishe utumbo, na kwa miezi michache choo kitatokea tumboni, kwenye mfuko, mshono upone. Kusikia tu "mfuko," kijana akashuka kitandani akitafuta viatu. Nikamfuata hadi getini. "Sister," akaniambia, "heri nife mzima." Akaenda kwenye mitishamba.

Miezi minane baadaye akaletwa usiku, tumbo limekaza kama ngoma, anatapika maji yananuka kinyesi. Utumbo ulikuwa umeziba. Alipasuliwa usiku huo huo, akavishwa mfuko ule ule alioukimbia, na safari hii ni wa maisha. Ini nalo lilikuwa limeshaingia madoa ya saratani.

Najua kuna mzee hapo nyuma anasema moyoni: kisu ndicho kinachosambaza, kansa ikipigwa na hewa hukimbia mwili mzima. Hapana, mzee wangu. Wale mliowaona wakifunguliwa na kuzikwa mwezi uliofuata walifika ikiwa imeshasambaa. Hewa haina hatia.

Haya, mfuko wenyewe. Ule utumbo uliotokezwa tumboni, stoma, ni mwekundu na una unyevu kama ndani ya mdomo wako. Ukiugusa hauumi. Namjua mama mmoja anayekaanga samaki kule Dunga. Kila baada ya siku chache, alfajiri, anaosha ngozi kwa maji ya uvuguvugu, anaikausha taratibu, anapima stoma, anakata tundu kwa mkasi mdogo likae sawasawa, anabandika. Tundu likiwa pana, kinyesi hugusa ngozi na kuichoma. Hapo ndipo watu wanauchukia mfuko, kumbe kosa ni la mkasi! Ukijaa theluthi, anaumwaga. Saa moja asubuhi yuko kwenye karai lake la mafuta, na wateja hawajui lolote.

Kinachonikasirisha ni mgonjwa kuruhusiwa nyumbani na mifuko miwili mkononi, bila mtu kumfundisha kuibandika. Nimeifungua karatasi ya nailoni aliyojifunga tumboni kwa leso badala ya mfuko na kukuta ngozi imechubuka hadi damu. Mtu kama huyo akirudi kijijini, ataogopesha kijiji kizima.

Mengine haraka, mwenyekiti anatazama saa. Kijinyama kidogo huondolewa kwa kamera, bila kupasuliwa. Uvimbe wa juu hukatwa pamoja na tezi za limfu zilizo karibu nao, na maabara inatakiwa ichunguze tezi zisizopungua 12. Ulizeni idadi hiyo, ni haki yenu. Tezi zikikutwa na saratani, hufuata kemo ya miezi 3 hadi 6. Dawa mojawapo ya kemo, oksaliplatini, huleta ganzi vidoleni, na maji baridi huchoma koo. Semeni mapema, msivumilie kimya. Uvimbe wa chini mara nyingi huanza kwa mionzi, ndipo kisu. Hata ini lenye doa moja au mawili wakati mwingine hukatwa, mtu akapona.

Vijana mtaniuliza habari za New York, mwaka 2022, wagonjwa 12 wa kwanza waliotibiwa kwa dawa ya dostarlimabu uvimbe ukatoweka bila kupasuliwa. Ni kweli. Lakini uvimbe wao ulikuwa wa aina maalumu ambayo wachache sana wanayo, na aina hiyo hujulikana kwa kipimo cha maabara. Usiisubiri dawa hiyo nyumbani huku unatoa damu na kuiita bawasiri.

Nimekuja na mifuko minne mipya. Ishikeni, ifungueni, mpitishiane. Mzee wa nyuma aanze.