Jirani Alinikaribisha Chai, Nikaenda

Haya jamani, asalamu alaikum, hamjambo nyote huko. Leo mnaniona jikoni kwa sababu nje kunanyesha. Watu wa hapa Leeds ukiwauliza watakwambia ni 'a bit wet', pamelowa kidogo. Ngoja niwageuzie kamera dirishani. Mmeona? Hicho ndicho kidogo chao. Mvua hii ingenyesha kwetu Tanga, nani angempeleka mtoto shule?

Sasa kuna mama mmoja amenitumia ujumbe wa sauti. Anasema mwanawe anakuja kusoma huku Septemba, na hana wasiwasi naye kwa sababu Kiingereza alipata A. Mama yangu, hongera sana. Lakini nataka nikusimulie habari ya sambusa zangu.

Mwezi wangu wa kwanza hapa, jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa makamo mwenye paka, kila tukikutana kwenye mapipa ya taka ananiambia, 'You must come round for tea some time,' yaani lazima uje kwangu chai siku moja. Must! Mimi shuleni nilifundishwa kwamba must ni lazima. Nikasema huyu mama kanipenda, ananilazimisha kabisa. Nikangoja aniambie siku. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu tukakutana tena pale mapipani, akarudia yale yale. Nikaona aibu. Nikawaza, ataniona nina maringo, mtu nimealikwa mara tatu siendi. Jumapili asubuhi nikakaanga sambusa, nikavaa dera langu jipya, nikaenda kupiga hodi.

Akafungua yuko na gauni la kulalia. 'Oh, how lovely!' Akapokea sahani. Halafu, 'You really shouldn't have.' Moyo wangu paa! Ananiambia sikupaswa! Nikaanza kumwomba radhi. Na yeye akaanza 'sorry, sorry', sijui ya nini. Tukawa tunaombana radhi mlangoni, paka anatutazama. Mwisho akasema, 'Well, I won't keep you.' Yaani hataki kunichelewesha. Mimi nikamtoa hofu: wala usijali, leo sina kazi, nina nafasi mpaka jioni.

Jamani, uso wa yule mama.

Akaniingiza ndani, maskini, akanichemshia chai. Na hiyo chai yenyewe! Baadaye ndipo nikajua kwamba huku kaskazini mwa Uingereza, mtu akisema 'tea' mara nyingi anakusudia chakula cha jioni, kile wanachokula mapema, saa kumi na moja, kumi na mbili. Kwa hiyo nilikwenda siku sio, saa sio, na mlo wenyewe sio.

Mwambie kijana wako, mama: hiyo 'must' aiache ipite kama salamu. Aangalie simu ya mtu. Mwingereza akitoa simu, akafungua kalenda, akamuuliza Alhamisi anaweza, hapo amealikwa, na avae vizuri.

Kazini nako. Mnajua natunza wazee. Meneja wangu wa mwanzo, mtu mpole huyo, akaniambia, 'You might want to check the laundry.' Huenda ukapenda kuangalia nguo za kufua. Nikajipima moyoni, nikaona sipendi. Nikaendelea na shughuli zangu. Jioni akaniita ofisini. Kumbe ile ilikuwa amri! Na 'when you get a minute', ukipata dakika, maana yake ni sasa hivi, acha hicho ulichoshika.

Msidhani ni sisi wageni wa mbali tu. Mzee mmoja ninayemhudumia, alikuwa mwalimu wa historia, alinisimulia ya vita vya Korea, Aprili 1951, kwenye mto Imjin. Kikosi cha Gloucestershire kimezungukwa na Wachina pande zote, watu wanakwisha. Brigedia wa Kiingereza, Tom Brodie, anamweleza mkubwa wake, jenerali wa Kimarekani, kwamba mambo ni 'a bit sticky'. Yananata kidogo. Yule Mmarekani, Kiingereza amezaliwa nacho, akasikia 'kidogo' akaelewa kidogo. Akaona kikosi kinaweza kubaki pale pale. Zaidi ya 500 walichukuliwa mateka. Mzee alipomaliza kusimulia akaniangalia akasema, 'Rather unfortunate.' Bahati mbaya kiasi. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikaona vibaya kucheka.

Najua mtaniambia, na wewe dada, kwani sisi? Ni kweli. Mtu yuko bafuni na povu kichwani anakwambia niko njiani, nishafika Mkwakwani. Fundi cherehani wiki ya Idi anakwambia njoo kesho. Shikamoo zote nilizotoa maishani mwangu, sijawahi kushika mguu wa mtu. Lakini 'karibu tule' ya kwetu, hiyo mimi naitetea. Inatolewa kwa kila anayepita, na wengi hujibu asante nimeshiba hata kama tumbo linanguruma. Sawa. Ila akitokea mmoja akavua viatu akakaa, anamiminiwa maji anawe, na wali unasogezwa. Nilikwenda kwa jirani nikiwa na hesabu hiyo kichwani.

Sasa mimi mwenyewe nimeanza kuharibika. Juzi mama kanipigia. 'Hujambo mwanangu, hali yako?' Nikamjibu, 'Si mbaya.' Hivi ndivyo wanavyosema watu wa huku, 'not so bad', na hapo mtu amefurahi kweli, pengine kapandishwa cheo. Mama akanyamaza. Halafu, 'Si mbaya ndio vipi? Unaumwa? Wamekufukuza kazi?' Kabla sijajieleza, dada yangu keshaingia kwenye simu, mjomba yuko Muheza keshapata habari. Ikabidi nianze upya. Mzima, mama. Nzuri. Nzuri kabisa. Ndipo akatulia, nami nikamuuliza ya kwake.

'Sisi wazima, alhamdulillah.'

Nikangoja. Kwetu mtu haishii hapo.

'Ila huu mguu, umevimba tangu Ijumaa.'

Kwa hiyo nikitoka kazini leo lazima nimpigie nijue kama ameupeleka hospitali. Na kazini kwenyewe basi langu linapita baada ya dakika nane, na hiyo mvua mmeiona. Haya wapendwa wangu, sitaki kuwachelewesha.