Saini ya Mpokeaji: Mhadhara kwa Wauzaji Wapya wa Mtandaoni, Dodoma

Ndugu washiriki, wafanyabiashara wenzangu wa hapa mjini na ninyi mliotoka Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni, nawasalimu sana na kuwashukuru kwa kufika mapema.

Nimeombwa nizungumzie usafirishaji wa bidhaa kwa mtu anayeanza kuuza mtandaoni. Usafirishaji una mambo mengi, kuanzia ufungaji wa mzigo hadi nauli yake, lakini leo nimechagua jambo moja tu, nalo ni saini ya mpokeaji: lini uidai, nani aiweke, iwekwe juu ya maandishi gani, na inakukinga na nini. Nimelichagua kwa sababu nimeona wauzaji wapya wakipoteza mtaji wao wa kwanza mahali hapo hapo, si kwa kuuza bidhaa mbovu wala kwa kukosa wateja, bali kwa kushindwa kuonyesha kwamba mzigo uliotoka mikononi mwao ulifika mikononi mwa aliyeulipia. Mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Katika mwaka wangu wa pili wa biashara nilikuwa nikiuza kompyuta mpakato zilizotumika. Mteja wa Singida alinilipa shilingi 850,000 kwa simu, nami siku ile ile nikaufunga mzigo vizuri, nikaandika jina lake na namba yake ya simu juu ya boksi, nikaupeleka stendi ya Nanenane na kuukabidhi katika ofisi ya mizigo ya basi moja, nikapewa risiti. Jioni mteja alipokwenda kuuchukua aliambiwa kwamba umeshachukuliwa. Tulipoomba kuona daftari lao, kwenye mstari wa mzigo wangu tulikuta neno "umetoka" na mkwaruzo wa kalamu usiosomeka. Hapakuwa na jina, hapakuwa na saa, hapakuwa na namba ya kitambulisho. Karani aliyekuwa zamu alisema kwamba aliyeuchukua alitaja sawasawa jina la mteja na namba yake ya simu, na huenda alisema kweli, kwa kuwa vyote viwili nilikuwa nimeviandika mimi kwa kalamu nene juu ya boksi, ambako kila aliyesimama karibu na buti la basi aliweza kuvisoma. Nilimrudishia mteja fedha zake zote, na kwa miezi kadhaa sikuweza kununua mzigo mwingine.

Angalieni ni kitu gani hasa kilichokosekana siku ile. Risiti nilikuwa nayo, na ilithibitisha kwamba mimi nilikabidhi. Daftari la upande wa pili lilithibitisha kwamba boksi lilifika na kwamba liliondoka. Swali lililobaki bila jibu lilikuwa moja tu: liliondoka na nani? Saini ya mpokeaji, ikichukuliwa inavyopaswa, hujibu swali hilo. Wengi wetu huchanganya mambo haya matatu, yaani uthibitisho wa kukabidhi, uthibitisho wa kufika na uthibitisho wa kupokea, tukidhani kwamba ukiwa na kimoja umeshakuwa navyo vyote.

Huenda mmoja wenu akauliza kwa nini hasara iwe ya muuzaji wakati alishakabidhi mzigo kwa msafirishaji. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyorithi kanuni za Kiingereza, huanza kwa dhana kwamba kumkabidhi msafirishaji ni sawa na kumkabidhi mnunuzi, maadamu muuzaji amefanya na msafirishaji huyo makubaliano ya busara kulingana na aina ya bidhaa. Kwa hiyo hoja ipo. Lakini jiulizeni kama kumkabidhi karani kompyuta ya shilingi 850,000 bila kuagiza itolewe kwa kitambulisho ni makubaliano ya busara. Mimi nilipojiuliza, sikuridhika na jibu langu. Zaidi ya hayo, anayeuza kwa picha za simuni huishi kwa maneno ambayo wateja wake huambiana, na mteja aliyelipa akakosa mzigo hatasubiri tafsiri ya sheria.

Masoko makubwa ya mtandaoni ya nje yenyewe yamemwekea muuzaji jukumu hili la kuthibitisha waziwazi. Ukiuza kupitia eBay na mnunuzi akadai kwamba hakupokea, unatakiwa uonyeshe taarifa za ufuatiliaji zinazothibitisha kwamba kifurushi kilifikishwa kwenye anwani iliyomo katika oda. Na thamani ya oda ikifika dola 750 za Marekani, taarifa hizo peke yake hazitoshi, lazima iwepo saini. PayPal, wanaotoa huduma ya malipo ya mtandaoni, nao wameweka kiwango hicho hicho cha dola 750 katika ulinzi wao kwa wauzaji. Dada anayeuza vikapu vya shilingi elfu ishirini ataona kiwango hicho kiko mbali mno naye, lakini oda moja ya jumla kutoka kwa mwenye duka wa nje humfikisha hapo bila yeye kutambua. Tena, mnunuzi akishalipa kisha akakuandikia pembeni kwamba umpelekee mzigo kwenye anwani nyingine, usikubali kabla hujafuata taratibu za soko lenyewe, kwa sababu hata saini nzuri ikipatikana kwenye anwani ambayo haimo katika oda, haitakusaidia.

Kwa wanaotuma nje kupitia Shirika la Posta, jifunzeni kusoma ile namba ya kifurushi, maana inaeleza aina ya huduma mliyoilipia. Ina tarakimu na herufi 13: herufi mbili mwanzoni, tarakimu tisa katikati, ambazo ya mwisho kati yake ni ya kuhakiki nyingine, kisha TZ kwa sababu kifurushi kimetoka Tanzania. Herufi ya kwanza ikiwa R, hicho ni kifurushi cha rejista, ambacho kwa utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani hutolewa kwa kusainiwa. Ikiwa E, ni EMS, yaani huduma ya posta ya haraka. Ikiwa C, ni furushi la kawaida la posta. Msiondoke dirishani kabla ya kuisoma na kumwuliza karani, kwa nchi mnayotuma, mpokeaji atasainishwa au hatasainishwa. Nimeshawahi kukutana na muuzaji aliyedhani amelipia rejista, kumbe alipewa huduma isiyo na ufuatiliaji wowote, naye aligundua hivyo siku aliyodaiwa ushahidi.

Sasa nije kwenye suala ambalo naliona ndilo gumu kuliko yote, yaani nani anasaini. Katika huduma ya Posta ya Marekani, saini ya kawaida ya kupokelea inaweza kuwekwa na mtu yeyote aliyekutwa kwenye anwani. Ukitaka asaini mwenye jina peke yake, kuna huduma nyingine ya kuzuia mtu mwingine asipokee, nayo hulipiwa zaidi. Hapa kwetu hali haitofautiani sana, ila haikuandikwa popote. Mteja anayefanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, atakuambia "niletee ofisini", lakini dereva wako wa bodaboda ataishia getini, ambapo mlinzi atapokea na kusaini, au mzigo utaachwa mapokezi au masjala pamoja na barua za ofisi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma atakuwa darasani, na anayeishi naye chumbani atapokea kwa niaba yake. Nyumbani yupo dada wa kazi, au mtoto wa darasa la sita. Sisemi kwamba watu hawa si waaminifu. Ninachosema ni kwamba kama mteja hakumtaja mtu huyo, basi saini yake haiwafungi wewe na mteja pamoja, na mzigo ukipotea kati ya geti na meza ya mteja, mtarudi kubishana.

Kwa hiyo mwulize mteja mapema, kwa ujumbe wa maandishi na si kwa kupiga simu: "Usipokuwepo, nani apokee?" Jibu lake lihifadhi. Ujumbe wa mstari mmoja unaosema kwamba mzigo apokee mlinzi wa zamu ya asubuhi, pamoja na jina lake, una nguvu kuliko saini kumi za watu wasiojulikana. Mwombe pia anwani yake ya makazi kamili. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina namba na barabara zina majina, na kila kata ina postikodi yake, ambayo kwa mkoa huu huanza na 41. "Karibu na kanisa, ulizia kwa mama fulani" humfikisha bodaboda, lakini haisaidii chochote ukitakiwa kuonyesha mahali mzigo ulipokabidhiwa.

Kuhusu maandishi yenyewe, nunueni daftari la kawaida na mlifanye dispachi, kama lile linalotumiwa na matarishi wa ofisi za serikali. Mstari mmoja uwe na tarehe na saa, namba ya mzigo, maelezo ya kilichomo, hali ya boksi wakati wa kupokelewa, jina kamili la mpokeaji kwa herufi kubwa, uhusiano wake na mteja kama si mteja mwenyewe, kisha saini. Jina kwa herufi kubwa ndilo watu huliruka kwa haraka, nalo ndilo linaloipa saini maana. Bila jina, saini ni mchoro. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, na anayekabidhi aandike jina la mpokeaji huyo pembeni. Vijijini mtahitaji kidau cha wino, na ni cha bei ndogo sana.

Kwa wanaotuma kwa basi, kama ninavyofanya hadi leo kwa wateja wa Singida na Kondoa, mimi niliacha kabisa kuandika namba ya simu juu ya boksi. Naandika jina la kwanza, mji na namba ya mzigo. Jina kamili na simu vinabaki kwenye daftari la ofisi ya mizigo na kwenye risiti yangu. Mteja namtumia picha ya risiti, na juu ya risiti hiyo karani huandika kwa ombi langu kwamba mzigo utolewe kwa kitambulisho. Makarani wengine hunung'unika. Wengine hukubali kwa moyo, kwa kuwa jambo hili huwakinga wao pia.

Zipo kampuni za usafirishaji ambazo badala ya kalamu humtaka mteja asaini kwa kidole kwenye kioo cha simu, au ataje namba ya siri aliyotumiwa. Msiliogope jambo hilo, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki. Ulizeni tu kama kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na kama mtaweza kuipata nakala ya saini hiyo mkiihitaji.

Nataka kukaa kidogo pia kwenye jambo ambalo saini haiwezi kulifanya. Mteja aliyesainia boksi lililofungwa amekiri kupokea boksi. Hajakiri kwamba ndani mlikuwa na simu uliyomtangazia, wala kwamba simu hiyo inawaka. Malalamiko ya "sikupokea" na malalamiko ya "nilichopokea sicho" ni mambo mawili tofauti hata kwenye masoko ya nje, na saini hukukinga na la kwanza peke yake. Kwa la pili unahitaji picha za mnato au video fupi ya ufungaji, inayoonyesha namba ya utambulisho wa kifaa ikiingia ndani ya boksi na boksi likifungwa bila kukatisha, pamoja na uzito ulioandikwa kwenye risiti. Ukiwa unapeleka kwa bodaboda hapa mjini, mruhusu mteja afungue, akague, awashe, ndipo asaini, na dispachi iseme "nimefungua na kukagua". Utatumia dakika kumi zaidi mlangoni, nami naziona ni dakika zenye faida kubwa.

Je, kila mzigo usainiwe? Hapana. Saini ina gharama, na gharama yake kubwa ni muda. Niliwahi kumsisitizia msafirishaji asiache chupa mbili za asali kwa mama mmoja wa Dar es Salaam bila saini yake mwenyewe. Mama alikuwa msibani, mzigo ukarudishwa Dodoma, nikalipa nauli mara tatu kwa bidhaa ya shilingi 30,000, na mama yule hakuagiza tena. Ubuyu, karanga na chupa moja ya mafuta ya alizeti viende kwa risiti na ujumbe wa mteja kwamba amepokea. Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: najiuliza kama mzigo huu ukipotea nitaweza kununua mwingine wiki hiyo hiyo bila kukopa. Nikiona siwezi, nadai saini. Nadai pia kwa mteja wa mara ya kwanza anayeagiza kitu cha thamani, na kwa yeyote aliyebadilisha mahali pa kupokelea baada ya kulipa. Gharama yake naionyesha wazi kwenye bei, na mteja namweleza sababu, kwa kuwa mtu akielezwa kwamba saini inamlinda yeye pia, hakasiriki.

La mwisho ni utunzaji. Mnunuzi aliyelipa kwa PayPal ana siku 180 tangu siku ya malipo za kufungua madai, na maulizo ya kifurushi cha posta cha kimataifa hupokelewa ndani ya miezi sita tangu kilipotumwa. Kwa hiyo risiti na dispachi visitupwe kabla ya muda huo kupita. Lakini kumbukeni kwamba jina, simu, saini na picha ya kitambulisho cha mteja ni taarifa binafsi, ambazo sasa zinalindwa na sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Picha za vitambulisho zisikae kwenye simu ambayo watoto huchezea, zisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp ya wauzaji hata kama mmegombana na mteja, na muda wa madai ukishapita, zifutwe.