Kipindi cha 61: Koti la Lami

ZUHURA: Inarekodi? Haya. Assalamu alaikum, karibuni tena. Mimi Zuhura, niko Copenhagen, na koti langu liko nje kwenye roshani.

MBAROUK: Waalaikumu salaam. Mimi Mbarouk, niko Mombasa, koti sina, joto letu mwalijua. Dada, hilo koti lina nini hata litajwe kabla ya mada?

ZUHURA: Koti ndiyo mada.

MBAROUK: Mada ni jahazi za Waviking, wale mabaharia wa Ulaya ya Kaskazini wa miaka kama elfu iliyopita. Nimeandika mafunzo matano hapa, kila moja nimelipigia mstari.

ZUHURA: Tutafika, kaka. Jumamosi ofisini kwetu walitutoa matembezi, tukaenda Roskilde. Kwa treni ni kama nusu saa. Pale kando ya hori pana makumbusho ya jahazi za Waviking, na nje zimefungwa mashua zilizoundwa kwa mtindo ule ule wa zamani. Unalipa, unaingia, unakaa, unapewa kasia. Mimi nikadhani tunapelekwa. Kumbe injini ni sisi.

MBAROUK: [anacheka] Umetoka Nungwi mpaka Ulaya, kuvuta makasia kwa pesa zako.

ZUHURA: Na kasia lenyewe refu, zito. Ukichelewa kulinyanyua, la aliye nyuma yako linakugonga. Mhasibu wetu nimemgonga mara nne. Lakini si hilo. Tumeshuka, natembea pwani pale, kuna kimashua kimepinduliwa, kimepakwa lami siku ile ile. Kibao kipo, kimeandikwa, na picha ya mkono umepigwa mstari mwekundu. Nimekisoma! Nikageuka nipige picha minara ya kanisa kuu, nikaegemea.

MBAROUK: Ukaegemea lami mbichi.

ZUHURA: Mgongo mzima. Na si lami ya barabarani, ni ya msonobari. Inanuka moshi, halafu ng'onda, halafu nyuma kabisa kama dawa ya kifua. Kwenye treni mama mmoja kakaa kando yangu, kanusa, kaangalia soli za viatu vyake. Akahama.

MBAROUK: Maskini, akadhani ni yeye.

ZUHURA: Na mimi, wallahi, nilikuwa nafurahi. Harufu ile ilinirudisha kwa babu. Sifa, Mbarouk. Sifa yenyewe!

MBAROUK: Ngoja, ngoja. Wasikilizaji wetu wa bara watadhani twasifiana. Ndugu zangu, sifa anayosema dada si ile ya kwenye harusi. Ni mafuta ya maini ya papa. Hupakwa chombo, mbao zisikauke zikapasuka.

ZUHURA: Babu yangu alikuwa fundi wa vyombo pale Nungwi. Bibi hakumruhusu kuingia ndani na nguo ya kazini. Anavua uani, nguo inakaa kwenye msumari wake nje, miaka yote. Ukipita na upepo unavuma unajua babu yupo.

MBAROUK: Kwa hiyo koti lako nalo limepata msumari wake.

ZUHURA: Limepata roshani. Mume wangu ni bibi yangu mtupu.

MBAROUK: [anacheka] Haya. Funzo la kwanza. Nimeandika: "Ufundi wa kuchagua mti." Nisome?

ZUHURA: Soma.

MBAROUK: Jahazi hizi nyingi ziliundwa kwa mwaloni. Fundi wa Kiviking hakutumia msumeno kupasulia mbao. Gogo lilipasuliwa kwa kabari, katikati kwanza, kisha nusu, robo, thumuni, kila ubao ukitoka moyoni kwenda kwenye gome. Kisha shoka. Ubao wa msumeno hukata nyuzi za mti popote zilipo. Wa kabari hufuata nyuzi zenyewe. Ndiyo maana waliweza kuuacha mwembamba, sentimita mbili na kitu, na ukahimili bahari.

ZUHURA: Hapo sawa kabisa. Kule makumbusho nilipitisha kidole kwenye ubao mmoja, wa kuonyeshea watu, usinitazame hivyo. Msumeno huacha kama unga. Huu ulikuwa laini upande mmoja, ukirudisha kidole unakwaruza. Kama kupapasa samaki kinyume cha magamba.

MBAROUK: Kwa kidole chenye lami.

ZUHURA: Lami ilikuwa bado! Na zinavyopangwa pia ni magamba. Sisi ubao unakaa juu ya ubao, ukingo kwa ukingo, halafu fundi anakalafati, anashindilia pamba yenye mafuta kwenye nafasi. Wao ubao unapanda mgongoni mwa mwenzake, na kabla haujafungwa wanalaza katikati uzi wa sufu uliochovywa...

MBAROUK: Usiseme.

ZUHURA: ...lami!

MBAROUK: Nilijua. Na ile ribiti?

ZUHURA: Ribiti ya chuma inapita mbao zote mbili, kwa ndani inavishwa kibati cha mraba, ncha inakatwa, inapigwa nyundo mpaka ilale. Sasa sikiliza kilichonishika, hiki si cha makumbusho yale. Jahazi la Gokstad, Norwei, lilifukuliwa 1880. Urefu mita 23 na ushei, makasia 32. Lilizikwa na mkubwa mmoja ndani yake. Mbao kwa mbao zimepigwa ribiti, lakini mataruma, zile mbavu za chombo, kule chini ya maji, hayakupigiliwa kwenye mbao. Yamefungwa. Walipokuwa wakichonga ubao waliacha vinundu vya mti vimesimama, wakavitoboa, wakapitisha mizizi ya mti, wakakaza.

MBAROUK: Yamefungwa kwa kamba?

ZUHURA: Kwa mizizi! Mbarouk, hiyo ni jamaa ya mtepe.

MBAROUK: Taratibu. Mtepe, chombo cha zamani cha pwani yetu, ulishonwa mzima, ubao kwa ubao, kwa kamba ya kumbi la nazi. Tanga la mkeka. Hakuna chuma hata kidogo.

ZUHURA: Sijasema ni ndugu wa tumbo moja. Nasema fundi wa huku na wa kule walijua kitu kimoja: chombo kikikakamaa mno, bahari itakivunja. Mwaka 1893 Mnorwei mmoja, Magnus Andersen, aliunda nakala ya Gokstad, akatoka Bergen, siku 28 akafika Newfoundland, akaendelea mpaka Chicago kwenye maonyesho. Aliandika kwamba kwenye mawimbi ukingo wa juu ulikuwa ukijipinda hadi inchi 6. Na maji hayaingii. Chombo kinapumua.

MBAROUK: Hiyo nzuri. Hiyo haimo hata kwenye mafunzo yangu.

ZUHURA: Andika la sita.

MBAROUK: Hatujamaliza la kwanza! Na msikilizaji mmoja ameshatuma ujumbe kwenye lile kundi letu, asema koti lioshwe kwa ndimu na majivu.

ZUHURA: Nimejaribu ndimu. Sasa linanuka lami yenye ndimu.

MBAROUK: Lifukize udi.

ZUHURA: Nimelifukiza! Linanuka msiba kwenye kiwanda cha ng'onda. Mume wangu kasema tuzike koti kama walivyozika jahazi la Oseberg, na mimi ndani.

MBAROUK: [anacheka sana] Waambie Oseberg ni nini, tusionekane wendawazimu.

ZUHURA: Norwei tena, wamelifukua 1904 na 1905. Lina mita 21 na nusu, limechongwa nakshi hanamu na fashini, mbele na nyuma, mpaka unasahau ni chombo. Ndani walizikwa wanawake wawili, mwaka 834. Na bora lililotoka mle, kwangu mimi, si dhahabu. Ni vifaa vya nyumbani, gari la kukokotwa, vitambaa. Ndoo!

MBAROUK: Na lami?

ZUHURA: Unanichokoza. Lakini ndiyo, bila lami hakuna Waviking. Huko Uppland, Uswidi, wamekuta mashimo makubwa ya kuchomea msonobari, ya karne ya nane huko. Unapanga kuni, unafunika kwa udongo, unachoma bila mwali, lami inachuruzika chini. Kambi nzima za watu porini, kazi yao harufu ya koti langu.

MBAROUK: Sasa niseme langu, dada, na usikasirike. Nimekusikiliza dakika 20. Lakini hizo mashua ulizovuta ni wanasesere.

ZUHURA: Samahani?

MBAROUK: Chombo ni mzigo. Jahazi la Lamu, hata likiwekwa injini, hata tanga limetoboka, likibeba mchanga, saruji, boriti za mikoko, ni chombo. Hilo lenu labeba wafanyakazi wa ofisi siku ya Jumamosi. Fundi akikosea, nani atalala njaa?

ZUHURA: Subiri. Vyombo vya Skuldelev. Mwaka 1962 walitoa vyombo vitano kwenye lile hori la Roskilde, vilivyozamishwa makusudi kama 1070 kuziba njia ya adui. Walikuwa na vipande, basi. Vipande! Mpaka wakafikiri ni vyombo sita, kwa sababu kimoja kilikuwa kirefu hivyo. Kile kirefu ni cha vita, mita 30, makasia 60. Wakahesabu miviringo ya mti, wakajua mwaloni ule ulikatwa karibu na Dublin mwaka 1042. Lakini kilichongwaje, kilikwendaje, hakuna kitabu kilichokwambia. Wakaunda nakala kwa mashoka, miaka minne, ikashushwa majini 2004. Mwaka 2007 ikaenda Dublin, 2008 ikarudi. Hapo ndipo walipojua.

MBAROUK: Na Bahari ya Kaskazini ilivukwaje?

ZUHURA: ...

MBAROUK: Sema. Mimi pia nimesoma.

ZUHURA: Upepo ulikata, ikakokotwa kipande.

MBAROUK: Na chombo cha injini! Mviking angengoja upepo wiki mbili, akala ng'onda. Wao walikuwa na ratiba. Ndiyo nasema, mwanasesere.

ZUHURA: Na jahazi la Lamu likikosa upepo likawasha injini, si chombo?

MBAROUK: Lina shehena.

ZUHURA: Mbarouk, mtepe uko wapi? Mtepe ulibeba shehena mamia ya miaka. Mwaka 2003 walipotaka kuunda mmoja pale Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Unguja, hakuna aliyeurithi ufundi wake kwa baba. Ilibidi watu wahangaike na vielelezo vya zamani. Kwa sababu vyombo vya shehena vikifa hufa na mkono wa fundi. Laiti kungekuwa na wajinga wa Jumamosi wa kuuvuta kwa pesa zao, mkono ungebaki.

MBAROUK: Ungebaki mkono wa kuundia wajinga wa Jumamosi. Fundi wa Lamu hujifunza kwa hasara. Ubao ukivuja, mchuuzi anakuja mlangoni. Hiyo ndiyo shule. Ukiondoa mchuuzi umebaki na maigizo, hata kama shoka ni lile lile.

ZUHURA: Babu yangu mwisho wa umri wake aliundia watalii. Mashua za kutazamia jua likizama. Alikuwa anaigiza?

MBAROUK: ...Sikumsema babu.

ZUHURA: Umemsema.

MBAROUK: Nimesema chombo. Watu wakilipa kubebwa, wao ndio shehena.

ZUHURA: Basi na mimi nilikuwa shehena Jumamosi! Nimelipa!

MBAROUK: Wewe ulikuwa injini, umesema mwenyewe.

[wanacheka, kisha kimya kidogo]

ZUHURA: Sikubali lakini.

MBAROUK: Wala mimi. Na hata hiyo Unesco, 2021 nchi za huko zote zimeandikisha ufundi wa mashua za magamba. Kitu kikiandikishwa urithi, mimi huona kama mtu ameandikiwa kitanda hospitalini.

ZUHURA: Wapo waliolazwa wakatoka.

MBAROUK: Haya, kaka yetu wa mitambo ananionyesha vidole vitatu. Dakika tatu. Yaliyobaki: tanga la sufu, usukani wa upande wa kulia, soko la watumwa la Dublin, na kwa nini watu mpaka leo wanachora jahazi hizi mikononi. Tuchague moja.

ZUHURA: La Dublin haliwezekani kwa dakika tatu. Ni haramu kulisema kwa haraka.

MBAROUK: Hilo nakubali. Tanga?

ZUHURA: Tanga ni kondoo, kusokota, kufuma, wanawake miaka na miaka. Lilipakwa mafuta ya wanyama na udongo mwekundu lishike upepo. Ukilipaka unanuka...

MBAROUK: Basi! Tumefunga. Wiki ijayo...

ZUHURA: Subiri, mvua! Inapiga dirishani. Koti liko nje!

MBAROUK: Liache.

ZUHURA: Litaloa!

MBAROUK: Dada, hilo limeshakalafatiwa. Liache lielee.