Mkienda Botanische Nacht msiishie kwenye muziki

Haya jamani, habari za jioni. Walioko nyuma sogeeni mbele, viti vipo, na watoto waacheni wacheze tu, mi kelele nimezizoea.

Nimeombwa niongelee sherehe ya kiangazi ya bustani ya mimea ya Freie Universität, chuo kikuu cha hapa Berlin, ile iliyoko mtaa wa Dahlem, wenyewe wanaiita Botanische Nacht, inakuwaga mwezi wa saba. Najua wengi hapa mnaijua kwa picha, taa za rangi kwenye miti, bendi huku, wacheza dansi kule, na foleni ya soseji. Kwa waliofika Berlin juzijuzi niseme tu hivi, mwezi wa saba hapa jua linazama saa tatu na dakika kama ishirini usiku, Tanga muda huo ni saa nne na ishirini watu washalala, kwa hiyo mnaingia bado kweupe kabisa halafu giza linawakuta ndani, na hapo ndo raha yake inapoanza. Siku za kawaida jioni mnatolewa geti linafungwa.

Sasa kuna watu wanalalamika, eti chuo kikuu na disko wapi na wapi, bustani ni ya kusomea. Mi siko upande huo. Mwaka 2003 jiji lilikuwa halina hela, ukaja mpango wa kubana bajeti mpaka bustani ikatishiwa kufungwa, na waliopiga kelele hawakuwa maprofesa peke yao, walikuwa wakazi wa Berlin wa kawaida, wakasaini, wakaandika magazetini, bustani ikabaki. Hekta 43 ndani ya jiji lenye shida ya nyumba jamani, mnajua kiwanja hicho kingeshajengwa nini. Mtu aliyewahi kucheza mle usiku na mchumba wake atasaini. Aliyesikia tu kwamba kuna aina karibu 20,000 za mimea, sijui.

Ila sasa, na hili ndo nililokuja kusema, ukishalipa tiketi usigande kwenye jukwaa. Nyumba za vioo nazo zinafunguliwa usiku ule, ingia. Anza na ya Victoria, yale mayungiyungi makubwa ya Amazon, jani lake kama sinia la pilau la harusi, kingo zimekunjwa juu na chini yake miiba mitupu. Ua linafunguka jioni tu, usiku wa kwanza jeupe, linatoa joto na harufu ya matunda, kule kwao mbawakawa wanaifuata wanaingia, alfajiri ua linajifunga nao ndani, kesho yake jioni linafunguka tena limeshakuwa la pinki na wale wadudu wanatoka wamejaa chavua wanakimbilia ua jingine jeupe. Mgeni wa mchana haoni vizuri kitu hiki. Ukibahatika ua likawa tayari usiku wa sherehe, we simama hapo, muziki utausikia kwa mbali.

Halafu waulizeni watunza bustani habari za Usambaraveilchen. Ndiyo, lile ua dogo la zambarau lililoko madirishani kwa kila bibi wa Kijerumani, majani yana manyoya, ukiyamwagia maji ya baridi yanafanya mabaka. Ni la kwetu, la Usambara na jamaa zake mpaka Taita kule Kenya, linaota kwenye mawe yenye kuvu za kijani, kivulini, karibu na kijito. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ofisa wa Kijerumani, baroni Walter von Saint Paul-Illaire, akamtumia baba yake Ujerumani, mzee akampa Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen kule Hannover, mwaka 1893 Wendland akalipa jina, Saintpaulia. Jina likabaki la baroni, na mi siamini kabisa kwamba baroni alipanda miamba ile peke yake bila Msambaa wa kumwonyesha njia. Na halina shida kuzaa, jani moja ukilichomeka kwenye udongo linatoa mche, ndo maana lilisambaa dunia nzima upesi hivo.

Dahlem yenyewe haikuwa mbali na mambo hayo. Mwaka 1891 bustani ya Berlin ilifunguliwa ofisi maalumu ya mimea ya makoloni, na Adolf Engler, mkurugenzi kuanzia 1889 mpaka 1921, ndiye aliyeihamishia Dahlem, na 1902 alifika Usambara mwenyewe, mwaka uleule Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti cha Amani kulekule Usambara. Miche, mbegu, majani makavu, yaani mimea iliyokaushwa na kutunzwa kwa ajili ya utafiti, vyote vilikuwa vinasafiri kwenda na kurudi. Kisha usiku wa tarehe 1 Machi 1943 bomu likaangukia jengo la majani makavu, yakaungua kwa mamilioni, yakiwemo ya Afrika Mashariki ambayo yalikuwa ndo ushahidi wa kwanza wa jina la mmea fulani. Ukisikia wataalamu leo wanarudi tena Usambara kutafuta mmea palepale ulipochumwa zamani, sababu mojawapo ni moto ule.

Kabla sijakaa, kuna kaka ameniuliza pale mlangoni, kwa nini wasiturudishie mimea yetu. Kaka yangu, ua bado liko kwetu, ila baadhi ya aina zake ziko hatarini kwa sababu msitu unakatwa, kivuli kikiondoka jiwe linakauka na mmea unakufa. Hapo Berlin haiwezi kutusaidia, ni sisi na mapanga yetu. Kuhusu majani makavu, yaliyopo sasa wanayapiga picha na kuyaweka kwenye intaneti bure, mwanafunzi akiwa Morogoro anaweza kuyafungua kwa simu, tena unaona mpaka mwandiko wa aliyechuma. Mi nataka wapige picha haraka zaidi, na hilo nawaambia kila nikipata nafasi. Na Amani nayo ina bustani, ya miaka 100 na zaidi, sijui nani kati yenu anayetoka Muheza atakayeanzisha ngoma kule.